Ile dakika ya sala ya jioni tunayoipita haraka

Kwenye sala ya jioni ya sisi Wakatoliki kuna sehemu wengi tunaipita kama daladala inavyopita kituo kisicho na abiria. Ni pale anayeongoza anaposema tuwaze makosa ya leo, ya mawazo, maneno, vitendo na kutotimiza wajibu, alafu kabla hujawaza chochote watu wameshaanza sala ya kutubu, Nakuungamia Mungu Mwenyezi. Naomba ukae hapo. Kama kuna kitu kimoja cha kuchukua kwenye maneno yangu ya leo chukua hicho, kwasababu nakutana na watu wanasali kila siku, rozari wanasali, jumuiya hawakosi, ila wanasema Mungu wanamsikia kanisani tu, wakitoka nje hawamwoni. Na mi naamini yupo humo humo kwenye siku zetu, tatizo siku ikiisha tunalala bila kuiangalia.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola ndo amenisaidia sana hapa. Alikuwa Mhispania, amezaliwa 1491, askari kabisa, na mwaka 1521 kwenye mapigano ya Pamplona mzinga ukamvunja mguu akalala kitandani miezi mingi. Vitabu alivyopewa vilikuwa vya maisha ya Kristo na ya watakatifu. Basi akawa analala pale anawaza, mara anawaza sifa za vitani na mwanamke wa cheo kikubwa aliyetaka kumpendeza, mara anawaza kuishi kama watakatifu wale. Mawazo yote mawili yalikuwa matamu wakati anayawaza, lakini yakishapita, yale ya kwanza yalimwacha mkavu na haya ya pili yalimwacha na furaha inayobaki. Alikuja kuliona hilo baadaye, alipogeuka nyuma kuangalia moyo wake. Baadaye akaiweka tafakari hiyo ya kupitia siku na kuangalia moyo kwenye kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho ambacho Papa Paulo wa Tatu alikipitisha 1548, na Wajesuiti, shirika la watawa alilolianzisha, mpaka leo wanaifanya mara mbili kwa siku, mchana na usiku.

Sasa mimi sio mtawa, nina kibanda cha uwakala wa pesa, natoa na kuweka hela za watu kutwa nzima, kelele, foleni, mtandao unasumbua, mtu anataka atumiwe haraka kuna mgonjwa. Ukisema nitafute ukimya ndo nimpate Mungu sitampata. Kwahiyo nafanya hivi: nikishafunga hesabu, simu naiweka mbali, nafanya ishara ya msalaba namwomba Roho Mtakatifu anionyeshe siku yangu kama yeye alivyoiona, alafu naanza na shukrani. Makosa yanakuja mbele, usianze nayo. Hata sala yetu ya jioni inaanza na kushukuru kwa mapaji ya leo, na Inyasi naye ameanza hapo hapo.

Shukuru vitu vyenye sura. Ukisema tu "asante kwa uzima" unaweza kuwa umesema kwa mazoea bila kukumbuka lolote. Juzi kati kuna mama alikuwa anatuma hela ya dawa kijijini, ikapungua kidogo kwa ajili ya makato, kijana wa bodaboda aliyekuwa nyuma yake akaongezea, akafanya na lake akaondoka. Mchana ule sikuwaza kitu, nilikuwa nahangaika na salio. Usiku nikipitia siku nikaliona lile tukio nikatulia nalo muda mrefu, maana Mathayo 25, pale Yesu anaposema mliyomtendea mmoja wa hawa wadogo mlinitendea mimi, tunaisikia kanisani mara ngapi, na ilikuwa imesimama mbele ya dirisha langu na kofia ngumu kichwani! Tangu hapo hata mchana nimeanza kuangalia nyuso za watu.

Ukishashukuru, pitia siku kuanzia asubuhi, saa kwa saa, na uangalie moyo ulikuwaje. Wapi ulipata amani, wapi ulikereka, ni neno gani la nani bado linakuchoma. Hasira usiifukuze, mwonyeshe Mungu muulize imetoka wapi. Ndo ufike kwenye makosa, uombe msamaha, na umalizie na kesho: kuna mtu gani utakutana naye anayekutia hofu, mwombee kwa jina. Dakika kumi na tano zinatosha.

Kwa siku za msiba au deni usijilazimishe kutafuta la kufurahia. Zaburi zimejaa watu wanaomlilia Mungu, nawe lia, mwambie ilivyo. Inyasi ana ushauri mmoja ambao nampa kila mtu: moyo ukiwa mkavu na giza, usibadilishe maamuzi uliyoyafanya ukiwa na amani. Kama uliamua kuimba kwaya au kulea mtoto wa marehemu ndugu yako ukiwa umesali vizuri, usiache katikati ya wiki mbaya. Subiri moyo utulie ndo uamue.

Na kuna wenzetu wanaoogopa zoezi hili kwasababu wakijiangalia tu wanajihukumu, dhambi ambayo wameshaungama inarudi usiku na mchana. Inyasi mwenyewe aliteseka hivyo hivyo kule Manresa, Hispania, mwaka 1522, anaungama na hapati raha. Kama ndo wewe, usipambane peke yako, mtafute padre unayemwamini umweleze, na kwa kipindi hicho ishia kwenye shukrani tu.

Kama una watoto wafundishe mapema. Baada ya rozari waulize leo wanamshukuru Mungu kwa kitu gani, na wasikusomee majibu ya katekisimu. Wangu walishawahi kusema umeme umerudi, mwalimu hakuja na fimbo, bibi amepiga simu. Usiwacheke wala usiwarekebishe, hiyo ni sala tayari.

Mchana nakushauri ushike sala ya Malaika wa Bwana, saa sita kengele ikigonga au hata isipogonga. Pale tunaposema Neno akatwaa mwili, akakaa kwetu, mi hunyamaza sekunde kadhaa hata kama foleni ipo, namwangalia mtu aliye mbele yangu.

Jambo la mwisho ni kitubio, yaani kuungama kwa padre, nacho kinabadilika. Ukiwa umepitia siku zako hivi unaingia kwa padre unajua la kusema, unasema nilimfanyia fulani hivi siku ile, na padre naye anapata pa kukushika mkono akakushauri.