Kihisi cha vitamini C kwa kaboni ya mimea: anza na majivu

Kihisi hiki ni elektrodi iliyopakwa kaboni ya mimea, ambayo hupima vitamini C kwa mkondo wa umeme unaotokea vitamini hiyo inapooksidika. Wengi wanaotengeneza vihisi hivi huhangaikia ukubwa wa eneo la uso wa kaboni yao, kumbe kinachoharibu vipimo mara nyingi ni majivu. Mmea hunyonya chuma na shaba kutoka udongoni, na ukiuchoma metali hizo hubaki ndani ya mkaa. Shaba huharakisha kuoksidika kwa vitamini C, kwa hiyo namba unazosoma zinakuwa za uchafu.

Chukua vifuu vya nazi vikavu, visage, vichome kwa 500 °C kwa saa 2 katika tanuri linalopitisha nitrojeni. Changanya mkaa huo na potasiamu haidroksaidi, sehemu 1 kwa 3 kwa uzito, uchome tena kwa 750 °C kwa saa 1. Tumia chombo cha nikeli, kwani haidroksaidi iliyoyeyuka hula kioo na kauri. Tafadhali usifungue tanuri kabla halijapoa kabisa: potasiamu tupu inaweza kuwa imejitenga humo, nayo huwaka ikikutana na unyevu.

Kisha osha. Koroga unga katika asidi ya haidrokloriki ya 1 M (moli 1 kwa lita) usiku kucha, suuza kwa maji yaliyokenekwa hadi pH ifike 7. Kwa pumba za mpunga asidi hiyo haitoshi, maana silika haiyeyuki humo. Inahitaji sodiamu haidroksaidi ya moto.

Sugua elektrodi ya kaboni ya kioo (kaboni ngumu inayong'aa kama kioo) kwa unga wa alumina ya mikromita 0.3, halafu 0.05. Kwa duara la milimita 3, tone la mikrolita 5 la mchanganyiko wa unga wa kaboni na gundi, wa 1 mg/ml, linatosha. Ukizidisha, vitundu vya kaboni hujaa chaji, mkondo wa msingi hupanda na kukizamisha kilele cha vitamini (mkondo wa juu kabisa inapooksidika); tabaka nene nalo hupasuka na kubanduka.

Nafion, gundi ya kushikiza kaboni kwenye elektrodi inayotumiwa na karibu kila mtu, haifai hapa. Ina chaji hasi, na katika pH 7 vitamini C nayo ni hasi, hivyo zinasukumana. Kaitosani (gundi inayotokana na maganda ya kamba na kaa) ya asilimia 0.5 katika asidi asetiki ya asilimia 1 ni bora zaidi.

Yeyusha 17.6 mg za vitamini katika 10 ml za bafa (myeyusho unaoshikilia pH isibadilike) iliyopitishiwa nitrojeni, upate 10 mM (milimoli 10 kwa lita), siku ileile ya kupima. Pima pia elektrodi tupu, na nyingine yenye kaboni isiyooshwa. Kilele kikisogea kati ya kaboni iliyooshwa na isiyooshwa, shuku metali kwanza.