Chaja za gari kwenye fleti: anzia kwenye swichi kuu

Kabla ya chaja kuja jengoni kwetu, ulikuja ugomvi. Tuko fleti 12 hapa Mjini Unguja, na jirani wa chini alikuwa akichaji gari yake ya umeme kwa ekstensheni aliyoipitisha dirishani usiku kucha. Asubuhi moja akanionesha plagi yake: plastiki imevimba na kugeuka rangi ya kahawa, pini moja nyeusi, harufu imejaa ukumbini. Plagi ile ya kawaida ya 13 A (ampea 13) haikukusudiwa kubeba mzigo mzito saa nane mfululizo kila usiku. Nawaomba sana, msichaji hivyo, khasa watoto wakiwa wamelala ndani.

Kamati ya nyumba ikanituma nitafute chaja za pamoja, na mimi nikakimbilia dukani. Nikalipia boksi la kilowati 22, nikiamini kubwa ndiyo bora. Gari yangu ni Nissan Leaf ya zamani iliyotoka Japani, na kichaji kilichomo ndani yake hakipokei zaidi ya kilowati 3.3, hata uiunganishe na nini. Tena boksi lilikuja na kebo yake yenye kichwa cha Type 2, ilhali tundu la gari yangu ni Type 1. Magari ya Kichina yaliyoundwa kwa soko la kwao nayo yana tundu lao, GB/T. Kwa jengo la watu wengi, basi, nunua chaja yenye soketi tu, isiyofungwa kebo, kila mtu aje na kebo inayoingia kwenye gari yake.

Lakini hilo lifuate baada ya kufungua boksi la swichi kuu. Letu ni la fezi tatu, 63 A kila fezi. Chaja moja ya 32 A inameza nusu ya fezi. Sasa fikiria baada ya magharibi: viyoyozi, pasi za sare za skuli, pampu ya kupandisha maji tangini, na magari mawili yamerudi kazini. Mwambie fundi apime mzigo wa jengo wiki nzima, jioni zikiwemo, ndipo mzungumze bei. Sisi tulichagua chaja zinazogawana mzigo: kuna kipimo kinachoukumbatia waya mkuu, jengo likitumia umeme mwingi chaja hushuka zenyewe, watu wakilala hupanda. Hakikisha zinafanya hivyo hata intaneti ikikatika.

Na kasi ya nini kisiwani? Unguja yote ina urefu wa kilomita kama 85. Chaja ya 16 A, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, inatia uniti karibu 29. Kwa gari ndogo, unakwenda Nungwi na kurudi na chaji inabaki.

Umeme wetu unatoka Bara kwa waya wa baharini, na aliyekuwapo wakati wa giza la miezi mitatu lililoanza Disemba 2009 hahitaji kuelezwa. Ukikatika na kurudi, chaja zote zisiamke kwa pamoja. Tafuta zinazosubiri dakika chache, kila moja kwa zamu yake. Chumvi nayo haina huruma: boksi liwe la IP65, yaani lisiloingiza vumbi wala maji ya kurushwa, skrubu za chuma kisichoshika kutu, na erthi ipimwe kwa kifaa, si kwa macho.

Malipo ndiyo yaliyotuchukua vikao vitatu. Mzee mmoja asiye na gari alikataa katakata kuchangia uniti za wengine, na alikuwa na haki. Tukafunga mita ya Tukuza, ile ya kulipia umeme kabla, ya chaja peke yake, mbali na ya taa za ngazi. Kila mtu ana kadi yake, chaja inahesabu uniti zake, na mwisho wa mwezi katibu anabandika hesabu mlangoni.

Tulipochimba kupitisha waya wa chaja mbili, tulilaza mabomba matupu hadi kwenye nafasi zote 12 za kuegesha. Yalituongezea gharama kidogo tu, na mwezi uliopita jirani wa ghorofa ya tatu alipoleta gari yake, fundi alivuta waya asubuhi, mchana akamaliza.