Kubadilisha themostati mwenyewe: boliti ni rahisi, shida ni hewa

Kwa wiki tatu hivi mshale wa joto kwenye gari langu uligoma kupanda. Natembea nusu saa nzima, umelala tu pale chini, hita inanipulizia baridi na mafuta yanakwisha mbio. Mwanzoni nilifurahi, nikijua injini isiyopata moto ndiyo salama. Nilijidanganya. Injini nyingi zimetengenezwa zifanye kazi maji yakiwa kwenye nyuzi 90 hivi za Selsiasi. Zikibaki baridi, kompyuta inaendelea kumwaga mafuta kana kwamba gari limewashwa sasa hivi, na oili haipati joto la kutosha kukausha unyevu unaojikusanya ndani.

Mkosaji alikuwa themostati, kidude kinachotosha kiganjani. Ndani yake kuna kikopo cha nta. Maji yakifika kiwango kilichogongwa kwenye bati lake, mara nyingi nyuzi 82 au 88, nta inayeyuka, inavimba na kusukuma kifimbo, mlango unafunguka na maji yanakwenda kupoa kwenye rejeta. Yakipoa, nta inasinyaa na springi inafunga mlango. Hakuna umeme hapo, ingawa baadhi ya magari mapya yameongezewa waya wa kuipasha moto nta. Ukiukuta, agiza yenye waya kama huo.

Kabla ya kununua chochote, tumia mkono. Washa injini ikiwa baridi kabisa, shika hozi ya juu ya rejeta, na mkono ukae mbali na feni kwa sababu feni ya umeme huweza kuwaka yenyewe. Themostati ikiwa nzima, hozi itabaki baridi dakika kadhaa, halafu ghafla itapata moto. Ikianza kupata uvuguvugu tangu mwanzo, pole pole, mlango umekwama wazi. Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Mshale ukipanda kuelekea kwenye nyekundu huku hozi ingali baridi, mlango umekwama umefungwa. Hapo zima gari, usijaribu kufika nyumbani nalo. Kuna injini ambazo themostati yake imekaa upande wa hozi ya chini, basi kwa hizo pima hozi ya chini.

Utaambiwa pia: "Itoe tu, tembea bila." Mimi niliambiwa na fundi ninayemheshimu, na sikukubali. Ukiitoa, gari linakuwa na ugonjwa ule ule niliokuwa nao, tena wa kudumu. Isitoshe, themostati nyingi zina kisahani cha pili nyuma kinachoziba njia ya mkato pale mlango mkubwa unapofunguka. Bila hicho, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na gari unaloliogopea kuchemsha ndilo linachemsha.

Kazi yenyewe nilianza asubuhi, gari limelala usiku kucha. Hilo halina mjadala. Maji ya rejeta yanakaa chini ya presha ili yasichemke hata yakipita nyuzi 100, na ukifungua kifuniko yakiwa moto yanaruka usoni. Nikatega beseni, nikapunguza maji hadi chini ya usawa wa themostati, bila kumaliza yote. Kulanti, yaani hayo maji ya rejeta yenye dawa ya kupoza injini, ina ladha tamu na ni sumu, kwa hiyo beseni lisiachwe mahali mtoto, paka au mbwa atalifikia.

Fuata hozi hadi inapoingia kwenye injini; kifuniko kilichoishikilia ndicho kinachoficha themostati. Legeza klampu kwa plaizi. Hozi ikiganda, izungushe kwa mkono mpaka iachie, usiichokonoe kwa bisibisi. Boliti zangu zilikuwa mbili, za spana namba 10. Piga picha kabla ya kuchomoa chochote: springi imeelekea wapi, na kile kipini kidogo kinachochezacheza pembeni kimekaa wapi. Kwa kawaida springi inaingia upande wa injini na kipini kinakaa juu kabisa, maana ndicho kinachopitishia hewa.

Ile ya zamani nilijua imekufa mara tu niliponyanyua kifuniko. Baridi kabisa, na mlango una mwanya wa kupitisha ukucha. Hata hivyo niliichemsha pamoja na mpya kwenye sufuria moja, zote zikining'inia kwa uzi zisiguse chini, kipimajoto ndani. Mpya ilitulia hadi nyuzi 82, ikaanza kufunguka taratibu kama jicho la mtu anayeamka, na karibu na 95 ilikuwa wazi yote. Ya zamani haikutikisika. Usiruke hatua hii, kwa sababu hata kipuri kipya huweza kuwa kibovu, na ni heri ukijue kwenye sufuria.

Kufunga ni rahisi. Kwangua mabaki ya gasketi, ile inayozuia maji kuvuja, kwa kitu cha plastiki, ivishe themostati mpira wake mpya, rudisha kifuniko. Silikoni, ile gundi ya kuziba, niliacha, ikizidi inamegekea ndani na kuziba njia. Boliti zianze kwa vidole, kisha ukaze kwa zamu, kidogo kidogo, kwani uzi wa tundu la boliti kwenye aluminiamu ukishaliwa hujui utamlaumu nani.

Halafu nikaharibu. Nilimimina kulanti hadi juu, nikafunga kifuniko, nikatoka barabarani kwa fahari. Dakika kumi tu, mshale ukavuka katikati huku hita ikipuliza baridi. Hewa ilikuwa imenasa ndani. Nikasimama, nikazima, nikangoja hadi kupoa kabisa, nikaanza upya kwa adabu: pua ya gari juu ya mwinuko, hita kwenye joto la mwisho, kifuniko cha rejeta wazi tangu injini ikiwa baridi, injini inanguruma bila kukanyagwa. Mapovu yalitoka moja moja, kisha kundi zima likapanda na maji yakashuka ghafla. Nikaongeza kulanti iliyokwisha changanywa. Kama yako ni nzito, ichanganye nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa (distilled water). Niliendelea hadi mapovu yakakoma na hita ikatoa moto wa kweli, nikafunga kifuniko, nikangoja feni iwake na kuzima mara mbili. Magari mengine yana boliti maalumu ya kutolea hewa, na ukiwa nayo utaokoa muda mwingi.

Asubuhi iliyofuata, injini ikiwa baridi, maji yalikuwa yameshuka upana wa vidole viwili kwenye chupa ya akiba. Nikaongeza. Siku ya tatu hayakushuka, na mshale ulipanda hadi katikati, ukakaa hapo.