Kondoo wa kusaga kwa mama mkwe

Dada wa Igoma, umeuliza kama nyama ya kondoo ya kusaga inamfaa mama mkwe mwenye upungufu wa damu, na kwa nini mchuzi wako unaelea mafuta.

Inamfaa sana. Madini ya chuma ya nyama hufyonzwa mwilini kwa urahisi kuliko ya mchicha, na vikiliwa pamoja, nyama husaidia hata yale ya mchicha. Dawa za hospitali asiziache, tafadhali. Chai ya majani asinywe na mlo, inazuia chuma. Chungwa ni bora.

Kuhusu mafuta, tatizo ni kipande. Kondoo wa kusaga wa kawaida hufika gramu 20 za mafuta katika gramu 100. Mwambie muuza bucha atoe shahamu kwenye paja, kisha asage ukiona. Usitie mafuta sufuriani. Bandika nyama peke yake, moto wa wastani, uivunjevunje kwa mwiko mpaka maji yakauke na mafuta yajitenge. Yachote, ndipo utie kitunguu, tangawizi, nyanya. Wekundu usibaki kabisa, kwani kusaga huingiza vijidudu vya juu hadi ndani. Mpakulie ikiwa moto. Shahamu ya kondoo huganda upesi.