Unaanza kufundisha mtandaoni? Swali la "mmeelewa?" liache kabisa

Walimu wenzangu mnaoanza kufundisha wanafunzi walio mbali, hii naiandika kwa ajili yenu. Mimi nafundisha hesabu mtandaoni mwaka wa sita huu na kabla ya hapo nilishakaa miaka mingi mbele ya ubao wa kawaida, kwahiyo nilipoingia nilijua kazi ni ileile imehamia tu kwenye skrini. Sio ileile jamani. Kwenye chumba cha darasa unajua mambo mengi bila kuuliza mtu, unaona aliyekunja uso, aliyeacha kuandika, anayechungulia daftari la jirani, na mwenyewe hata hujui kama unaangalia hivyo vitu maana macho yameshazoea. Mtandaoni vyote vinapotea siku moja. Unabaki na majina yaliyopangwa kwenye visanduku vyeusi na sauti yako mwenyewe, na usipotengeneza njia ya kuona wanachofikiri utaongea saa nzima na watu ambao hujui kama wako pale.

Na hapo ndipo tunapokimbilia "mmeelewa?". Siku moja nafundisha kujumlisha sehemu, 3/8 jumlisha 1/4, nimeeleza taratibu na rangi nimeweka, nikauliza mmeelewa, kwenye chati, pale pa kuandikiana ujumbe, zikaja "ndiyo mwalimu" tano sita hivi. Darasa lilikuwa na watoto 23. Nikaendelea mbele na furaha yangu. Dakika kama kumi baadaye nikapiga kura ya haraka, ile ya kubonyeza jibu, swali lilelile kwa namba zingine, na karibu nusu ya darasa wakachagua jibu la kujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Wale walioandika ndiyo hawakunidanganya, kweli walielewa. Wale 17 waliobaki ndio sikuwauliza kitu.

Tangu siku ile utaratibu wangu ni huu: hazipiti dakika tano au sita bila kila mwanafunzi kufanya kitu kwa mkono wake, kitu ninachokiona. Abonyeze kura, aandike namba kwenye chati, aweke alama kwenye ubao wa kwenye skrini, apige picha daftari atume. Nikitayarisha kipindi naanza na hivyo vitu kwanza, maelezo yangu nayapachika katikati yao. Zamani nilikuwa natengeneza slaidi 40 alafu ndio natafuta pa kuchomeka swali.

Kura ndiyo silaha ya kwanza nakushauri ujifunze, karibu kila programu inayo. Ila majibu ya uongo uyachague kwa akili, kila jibu lisilo sahihi liwe ni kosa ambalo wanafunzi kweli hulifanya, ili ukiona idadi ujue nani amekwama wapi. Kwa ile 3/8 jumlisha 1/4 naweka 4/12, naweka 4/8, naweka 5/8 ambayo ndiyo sahihi, na naweka "sina uhakika" maana bila hiyo wengi wanabahatisha. Aliyechagua 4/8 amejua zibaki nane lakini hakuibadilisha ile robo, aliyechagua 4/12 yuko mbali zaidi, hao ni watu wawili wanaohitaji maelezo mawili tofauti. Alafu matokeo usiyaonyeshe kwanza! Eric Mazur, mwalimu wa fizikia pale Harvard, alianza mwaka 1991 utaratibu wa kupigisha kura, kuwaacha wanafunzi wabishane wenyewe kwa wenyewe, kisha kupiga kura tena, na mtandaoni utaratibu huu unakaa vizuri sana kwasababu kura zimefichwa, hakuna wa kuchungulia mkono wa mwenzake. Ukionyesha matokeo mapema wote wanahamia kwenye jibu la wengi na mjadala umekufa hapohapo.

Nilivyofanya hivyo kuna binti, yule ambaye hafungui maiki kabisa, akaandika kwenye chati "lakini mwalimu 4/12 ni sawa na 1/3, na 1/3 ni ndogo kuliko 3/8, tumeongeza alafu imepungua?" Nikanyamaza. Nikachora fito mbili kwenye ubao, nikazikata vipande 24 kila moja, 3/8 ikachukua 9, 1/3 ikachukua 8, nikawaachia waangalie. Kura ya pili kwenye 4/12 walibaki wawili tu. Maelezo yangu yote ya mwanzo hayakufanya kazi iliyofanywa na lile swali moja, na asingeliandika kama angelazimishwa kuongea mbele za watu.

Hiyo inanileta kwenye chati. Chati ukiiacha wazi tu wanajibu walewale watatu wenye vidole vyepesi na wengine wanasubiri wanakili. Fanya hivi: waambie "andika jibu lako lakini usitume", hesabu kimoyomoyo mpaka thelathini, alafu sema "tuma". Majibu yanamwagika kwa mpigo na kila mtu ametoa la kwake. Na ile chati ya siri ya kumwandikia mwalimu peke yake iache wazi, wanafunzi wangu waoga wote wanaishi humo. Ukisoma swali la huko kwa darasa zima usitaje jina, sema tu "nimeulizwa hapa swali zuri".

Kusubiri nako ni somo. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, kwenye miaka ya 1970 alirekodi madarasa akakuta mwalimu akishauliza anasubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kujijibu au kumrukia mwingine, na walimu waliojizuia mpaka sekunde 3 walipata majibu marefu na kutoka kwa watoto wengi zaidi. Hiyo ni kwenye chumba cha kawaida. Mtandaoni ongeza muda wa sauti kusafiri, muda wa mtoto kutafuta kitufe cha maiki, muda wa kujipa moyo. Mimi nikiuliza swali la kujibu kwa mdomo nasubiri sekunde kumi kamili na nawaambia kabisa "nasubiri, sina haraka" ili wasidhani mtandao umekata. Mwanzoni utaona kama mwaka mzima. Vumilia.

Na huko kuchelewa kwa sauti kuna tabu nyingine, watu kugongana. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, inashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja ili maongezi yawe ya kawaida, ikizidi hapo watu wanaanza kukatana, wote wanaanza, wote wananyamaza, wote wanasema "endelea wewe". Kwahiyo usirushe swali hewani. Taja jina kwanza, na ukitaka wajibu watatu taja wote watatu kwa mpangilio, anza fulani, atafuata fulani, atamaliza fulani, kila mmoja ajiandae na maiki yake.

Kuhusu vifaa sitaongea sana kwasababu watu wanapoteza hela kwenye kamera wakati tatizo ni sauti. Picha ikiganda somo linaendelea, sauti ikikatakata somo limeisha. Nunua hedifoni yenye maiki karibu na mdomo, ya kawaida tu, itaondoa na ule mwangwi wa spika kurudi kwenye maiki. Ukipima intaneti yako angalia kasi ya kupandisha (kutuma) sio ya kushusha (kupokea) peke yake, laini nyingi za nyumbani zinashusha haraka zinapandisha kwa shida na wewe mwalimu ndiye unayepandisha muda wote. Tumia waya badala ya waifai kama inawezekana. Siku mtandao ukisumbua zima kamera yako bila aibu, video nzuri ya 720p inakula megabiti 1 na zaidi kwa sekunde wakati sauti inaeleweka vizuri kwa chini ya kilobiti 50.

Programu gani? Swali hilo naulizwa kuliko yote na kusema ukweli ni la pili kwa umuhimu. BigBlueButton ilianzia Chuo Kikuu cha Carleton kule Kanada mwaka 2007, ilitengenezwa kwa ajili ya kufundishia tangu mwanzo, ni huria, inafunguka kwenye kivinjari bila kupakua kitu, na ubao wake wanafunzi wanaweza kuandika wote kwa pamoja. Ila lazima mtu awe na seva, yaani kompyuta ya kuiendeshea, ya kuiweka. Zoom aliianzisha Eric Yuan mwaka 2011, iliundwa kwa mikutano, ni nyepesi kuelewa lakini akaunti ya bure inakata kikao dakika ya 40, kwahiyo panga kipindi chako kiishe ya 35. Yoyote utakayochagua ijue kura yake, ubao wake, chati yake na vyumba vyake vidogo, vile vya kugawa wanafunzi makundi makundi, mpaka vidole vikumbuke vyenyewe, kabla hujaanza kutafuta nyingine.

Sasa hili naomba ulifanye hata kama mengine yote utayasahau: chukua simu yako, ingia kwenye darasa lako mwenyewe kama mwanafunzi, ukiwa unafundisha kwa laptopu. Mimi nilifanya hivyo nikiwa nimeshafundisha karibu mwaka mzima na nilisikia vibaya. Slaidi yangu nzuri ya safu tatu ilikuwa maandishi ya sisimizi. Nikifungua chati, slaidi inafunikwa, maana yake kila niliposema "soma swali ujibu kwenye chati" mwenye simu alikuwa anakariri swali, anafungua chati, anasahau, anarudi, na mimi nimeshasonga mbele. Mwaka mzima nilikuwa nawaona wavivu! Siku hizi slaidi ina jambo moja, herufi kubwa, na kila swali naliandika na kwenye chati pia. Simu hiyo naiacha imewashwa pembeni kila kipindi, sauti imezimwa, ikichelewa kuonyesha slaidi najua na wao bado hawajaiona.

Vyumba vidogo vinaharibiwa na kitu kimoja, watu wanapelekwa bila kujua wanaenda kufanya nini. Wakishaingia humo slaidi yako hawaioni tena mara nyingi, kwahiyo kazi iandike sehemu watakayoiona, chati au karatasi ya pamoja ya mtandaoni ambayo wote wanaiandika, na iwe na kitu cha kurudi nacho, sentensi moja, namba moja, mchoro mmoja. Watu watatu watatu. Wawili ni hatari, mmoja akikatika mwenzake anabaki anaongea na ukuta, watano kuna wawili watajificha. Dakika saba zinatosha. Na usianze kutembelea vyumba dakika ya kwanza, wape nafasi waanze kubishana, ukiingia wananyamaza wote.

Kamera za wanafunzi usizilazimishe. Wengine wanashea chumba, wengine bando haliruhusu, na kujiangalia uso muda wote kunachosha kweli, Jeremy Bailenson, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliandika mwaka 2021 sababu nne za uchovu huu, nyuso za karibu mno zinazokukodolea, kujiona mwenyewe muda wote, kukaa bila kusogea, na akili kuhangaika kutafuta ishara ambazo ana kwa ana zinakuja zenyewe. Wafundishe jinsi ya kuficha picha yao wenyewe, na wewe ficha yako. Mimi naomba kamera dakika mbili za mwanzo za salamu kwa anayeweza, basi.

Kurekodi, waambie kabla, na ukifika kwenye sehemu ya maswali simamisha. Utashangaa maswali yanavyoongezeka ile taa nyekundu ikizimika.

Pia wakubaliane na wewe siku ya kwanza nini kitatokea mtandao wako ukikatika, maana utakatika. Kwangu ni hivi, nikipotea wasitoke, kuna zoezi kwenye karatasi ya pamoja walianze, na nisiporudi ndani ya dakika kumi ujumbe unakuja kwenye grupu. Nina mwanafunzi mmoja kila darasa niliyempa uwezo wa kusimamia chumba. Mara ya kwanza nilipotea dakika sita, niliporudi nikakuta wako swali la tatu na yule msimamizi anawaambia wazime maiki.

Kipindi kikiisha chumba usikifunge. Kiache kama dakika kumi. Wengi wataaga na kuondoka, wawili watatu watabaki kimya na visanduku vyao vyeusi, usiwabane na "una swali?", endelea na mambo yako, futa ubao, panga mafaili, waone upo. Wiki iliyopita mmoja alibaki karibu dakika nne nzima bila neno, nikadhani amelala au kaacha simu. Alafu ikaingia kwenye chati ya siri, "mwalimu ile 24 ya kukata vipande uliitoa wapi". Nikafungua ubao mpya, nikampa kalamu achore fito ya kwanza yeye.