Maneno marefu ya Kiholanzi: tafuta kiungo kwanza

Anayezungumza Kiswahili akikutana na neno wasmachine (mashine ya kufulia), ulimi hukimbilia kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama ulivyozoea: wasmaCHIne. Mholanzi husema WASmachine. Kosa hilo laweza kumfanya asikuelewe hata kama kila herufi umeitamka sawasawa.

Kabla ya kugusa silabi, tafuta kiungo, yaani mahali maneno mawili yalipounganishwa. Anza nyuma. Neno la mwisho ndilo linaloamua kama ni de au het, yale maneno madogo mawili yanayotangulia nomino: zaal ni ukumbi, kwa hiyo de vergaderzaal, plein ni uwanja, kwa hiyo het stationsplein. Ile s ya katikati ni mali ya kipande cha kwanza, sawa na -en- ya pannenkoek. Piga mstari wa penseli: stations|plein, pannen|koek. Hapo ndipo ugawe kila kipande kwa kanuni za kawaida: konsonanti moja kati ya irabu huanza silabi inayofuata (ka-mer), mbili hutengana (bak-ker).

Mkazo mkuu hukaa kwenye kipande cha kwanza. Sikusema silabi ya kwanza, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Unabaki kwenye silabi ile ile iliyokuwa nao neno lilipokuwa peke yake: verGAderzaal, staTIONSplein. Kipande cha pili hubaki na mkazo mdogo, kwa hiyo usimeze irabu yake. Ya zaal ni ndefu na ibaki ndefu.

Kiungo hugusa hata konsonanti. Ukiona tandarts, daktari wa meno, utataka kusema tan-darts. Mgawanyo ni tand-arts, na d inayofunga silabi hutamkwa t: tant-arts. Linganisha na wingi wa jino, tan-den, ambapo d inafungua silabi na inabaki d.

Ukikosea kiungo, maana nayo inahama. MasSAgebed ni massage na bed, kitanda cha kukandwa. MASsagebed ingekuwa massa na gebed, sala ya umati. Herufi ni zile zile.

Yapo machache yasiyotii, nayo utayahitaji mapema ukihamia Uholanzi: stadHUIS, ofisi za manispaa, na burgeMEESter, meya. Hayo yakariri, na kwenye daftari lako andika silabi yenye mkazo kwa herufi kubwa kila unapoongeza neno jipya.