Jibu: Goti la mama na madaktari wa kujitolea

Assalaam aleikum ndugu yangu. Umeuliza kama mama yako wa Lamu, mwenye kisukari, abadilishiwe goti na madaktari wa kujitolea kutoka ng'ambo, ilhali wao hukaa wiki moja tu kisha huondoka. Mama yangu, hapa Malindi, alifanyiwa upasuaji wa namna hiyo, kwa hivyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Kabla ya kuulizia nafasi, hakikisha sukari imeshuka na kutulia, na meno mabovu na vidonda vya miguu vimetibiwa, kwa sababu vijidudu vikishaingia kwenye goti la chuma na plastiki ni vigumu mno kuvitoa, na mara nyingine hulazimu kifaa chenyewe kiondolewe. Mama alirudishwa nyumbani mara ya kwanza kwa kidonda kidogo cha kisigino. Tulinung'unika, lakini walikuwa na haki.

Kisha pata jina la daktari wa hapa nchini atakayemwangalia wageni wakishaondoka. Sisi hatukuuliza, na mshono ulipovimba siku ya 12 tulizunguka na faili mkononi bila kujua wa kumwendea. Omba pia karatasi yenye aina na saizi ya kifaa, uihifadhi.

Mazoezi ndiyo kazi kubwa. Mama alisimama na fremu ya kutembelea siku ya pili huku akilia, na kwa wiki sita nilimshika kisigino akikunja goti ukingoni mwa kitanda. Kwa kuwa Lamu mtashuka botini, tafuta mapema watu wawili wa kumsaidia kwenye ngazi za gati, na tafadhali usimpandishe punda.